Posa ya Chuo Kikuu

Mzee Matano alikuwa hajaitwa kwenye jambo la watu wa heshima tangu arusi ya dada yake, na hata hiyo arusi aliitwa kwa sababu haikuwezekana kumwacha. Kaka ni kaka, awe na nyumba, awe hana. Yeye hana. Alilala Lunga Lunga, akalala Vanga, akachunga ng'ombe wa watu Kinango mpaka kiangazi kikawamaliza, akalinda majumba ya Diani ambayo wenyewe huja mara moja kwa mwaka. Shule nayo aliiokota kama mtu aokotaye kuni, kijiti hapa, kijiti pale: darasa la tatu Mkongani, miezi minane kwenye shule ya kanisa kule Kinango ingawa yeye ni Mwislamu, na iliyobaki akaimalizia kwenye vipande vya gazeti vilivyofungiwa samaki wa kukaanga.

Kwa hiyo simu ya Suleiman ilipolia Ijumaa asubuhi, Matano akiwa nyuma ya gereji moja ya Ukunda anapolala siku hizi, alifikiri mtu amekufa.

"Hakufa mtu," Suleiman alisema. "Ni kikao cha mwisho cha safari ya Mishi. Mjomba anatakiwa. Uvae kanzu."

Kanzu alikuwa nayo moja, ina doa la grisi mgongoni. Akaivaa akaenda, doa likiwa nyuma yake na yeye akijifanya hajui.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mishi, binti wa dada yake Warda, yuko kidato cha nne. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimefungua tawi jipya Msambweni, kikaziandikia shule barua: Jumamosi wanafunzi waje watazame madarasa, waone maabara, wazungumze na walimu. Mishi alitaka kusomea afya ya mifugo. Tangu ana miaka tisa alikuwa akimfuata afisa wa mifugo kila apitapo Mkongani, amshikie chupa, amshikie kamba, mpaka afisa akamfundisha kudunga sindano. Babake, Swabir, hakutaka hata kusikia. Yeye alimtakia kazi ya mapokezi katika hoteli za Diani: sare safi, kucha safi, kiti cha kuzunguka.

"Mtoto wa kike kutia mkono nyuma ya ng'ombe!" alisema. "Kinyaa!"

Warda akamshikilia usiku na mchana mpaka wakapatana hivi: Swabir aende chuoni akaone kwa macho yake. Akiridhika, atatia sahihi fomu ya Mishi. Asiporidhika, Januari Mishi anaanza hotelini na maneno yamekwisha. Maisha yote ya mtoto yakawa yamening'inia kwenye Jumamosi moja.

Basi ukoo ukaunda kamati.

Matano alipofika Mkongani baada ya swala ya Ijumaa alikuta mikeka imetandikwa uani kwa Swabir, na sinia za pilau zimezungukwa. Hicho kilikuwa kikao cha tatu, na vyote vitatu vilikuwa na pilau. Mwenyekiti alikuwa Suleiman, kaka mkubwa wa Swabir, karani mstaafu, mtu mwenye mashavu na pete. Alikuwa anafyonza uboho. Aliufyonza kwa mlio, akaugonga mfupa kwenye ukingo wa sinia, akachungulia ndani kama achunguliaye tundu la mlango, akafyonza tena. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kwa vidole hivyo hivyo alikuwa akipekua daftari ya kamati. Kila ukurasa ulikuwa na madoa yanayong'aa.

"Mjomba huyo!" akapiga kelele. "Karibu, karibu. Shingo wekeni! Shingo ni la mjomba."

Akalichagua mwenyewe kwa mkono, akalibonyeza kuona lina nyama ya kutosha, akalitua mbele ya Matano. Matano alitazama alama za vidole kwenye lile pande. Lakini ilikuwa miaka mingi hakuna mtu aliyempa shingo. Akala.

Kikao kikaendelea. Gari la watu kumi na wanne lilikuwa limeshapatikana. Shangazi Mejumaa, dadake Swabir, mwenye sauti ya kupasulia mbao, alikuwa na jukumu la sinia: halua, tambuu, na birika la kahawa, vyote vifunikwe kwa kawa mpya. Wazee wanne walikuwa wa kusindikiza. Binamu wawili walikuwa wa kupiga picha. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye alitaka tu kushushwa Ukunda akamwone mwanawe, akaandikwa naye. Suleiman akasoma majina mpaka mwisho, kumi na watatu na dereva.

"Na wewe mjomba," akamaliza, "kiti cha mbele."

Kiti cha mbele! Matano alihisi mgongo wake ukinyooka wenyewe. Hawa ndio watu waliokuwa wakimwita mzururaji. Alikuwa karibu ashukuru, ndipo akahesabu tena kichwani.

"Na Mishi atakaa wapi?"

"Mishi?" akauliza Suleiman.

"Mishi. Mwenye safari."

Suleiman akautoa mfupa kinywani, akamtazama kwa huruma. "Ndugu yangu Matano, wewe umetembea sana, desturi zimekuponyoka njiani. Hii ni posa. Sisi ndio tunaotaka, chuo ndicho kinachotakiwa. Kwa hiyo hapa Mishi ni bwana arusi. Umeona wapi bwana arusi akajiendea mwenyewe kwenye posa yake? Huendewa na wazee. Yeye hukaa nyumbani akangoja jibu."

"Bwana arusi mwenye hereni!" akasema binamu mmoja, watu wakacheka mpaka wali ukawaruka.

"Hebu nione hiyo barua," alisema Matano.

Barua ilitoka mfukoni mwa shati la Suleiman, imekunjwa mara nne, mafuta yamepenya mpaka unaona mwanga upande wa pili. Matano akaishika kwa ncha za vidole. Watu waliosoma sana husoma kichwa cha barua na tarehe, kisha huikunja. Matano, aliyeokota kusoma kwake vipande vipande, huogopa kuruka neno, kwa sababu hajui lipi ndilo lenye maana. Akasoma polepole, midomo ikitembea, mpaka akafika kwenye mhuri.

"Hapa wamesema mwanafunzi na jamaa zake wawili," akasema. "Wasizidi wawili."

"Wawili!" Mejumaa akapiga makofi. "Mwaliko wa watu wawili umeuona wapi wewe?"

"Hebu mwulizeni," alisema Suleiman. "Kadi ya arusi ya Amin iliandikwa wangapi?"

"Wawili!" wakajibu.

"Na tulikwenda wangapi?"

"Arubaini na mmoja!"

"Kuna aliyerudishwa mlangoni?"

"Hakuna!"

"Umesikia? Hiyo ni lugha ya adabu tu, mjomba. Mtu huandika wawili asionekane ana majivuno. Sisi tukijiendea wawili kweli, watasema mtoto huyu hana watu."

Matano akamtazama Swabir, baba wa mtoto. Swabir alikuwa ameinama anatazama mikono yake. Ilikuwa mikono myeupe ya ajabu, ngozi inabanduka kwenye vifundo. Hasemi kitu mbele ya kaka yake huyu.

Na Matano naye hakusema tena. Kwa hili alikuja kujichukia baadaye kuliko yote. Angeweza kusimama pale pale. Lakini kiti cha mbele kilikuwa kitamu, na shingo lilikuwa bado nusu. Akaliinamia.

Aliposhiba akazunguka nyuma ya jiko kunawa. Mishi alikuwa huko, amechuchumaa kati ya masufuria, anasugua ukoko kwa majivu. Msichana mwembamba, mrefu, hatabasamu ovyo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukai na watu?"

"Kamati haijaniita." Akaendelea kusugua. "Umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi. Wamenipa shingo."

Mkono wa Mishi ukasimama. Akamtazama, akatazama sufuria, akamtazama tena.

"Shingo lote?"

"Lote. Kwani vipi?"

"Mjomba, yule alikuwa mbuzi wangu mgonjwa. Alikuwa na jipu." Akaonyesha kwa kidole, hapa, chini ya taya, shingoni. "Nililipasua Jumatatu. Usaha ulijaza nusu kikombe, mzito kama siagi, una harufu ya... basi. Nikaosha, nikamdunga sindano. Ile dawa ikiingia mwilini, nyama hailiwi mpaka zipite siku ishirini na nane. Zimepita nne."

Matano akaifuta midomo kwa mkono wa kanzu.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Baba alikuwa kazini. Nilimshika baba mkubwa mkono, nikamwambia, huyu haliwi. Akasema moto unaua kila kitu. Akasema nisiwafundishe watu wazima kuchinja." Akachota majivu mengine. "Ati kamati lazima ile, haiwezi kupanga na njaa."

Matano alikwenda nyuma ya mgomba akatia vidole viwili kooni. Kilichotoka alikifunika mchanga kwa kiatu, lakini ladha haikutoka. Ilikaa nyuma ya ulimi, tamu tamu, yenye mafuta. Kutoka uani alisikia Suleiman akicheka na mfupa mwingine ukigongwa kwenye sinia.

Alirudi akiwa amejishika kiuno. "Fomu yenyewe unayo?"

"Ninayo. Mwalimu alinipa. Inataka sahihi ya baba tu."

"Ile safari yao ya kesho waachie. Sisi tunatoka alfajiri."

"Bila ruhusa ya Baba?"

"Wazee wetu walisema mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Hiyo nayo ni desturi. Wanazitaka desturi, tutawapa."

Warda ndiye aliyewaamsha. Hakuuliza chochote, alimfunga binti yake mtandio, akampa viazi vya kuchemsha ndani ya mfuko, akafungua mlango wa nyuma. Ngala, kijana wa bodaboda, alikuwa anangoja chini ya kilima, na kulipokucha walikuwa wameshapita Kombani. Walipofika Ukunda Matano akamwandikia Suleiman ujumbe, herufi moja moja: Nimetangulia. Nawasubiri langoni. Kisha akaizima simu.

Tawi la Msambweni halikuwa kitu cha kutisha. Ua wa waya, majengo mawili ya ghorofa moja yenye rangi mpya, na kwa mbali zizi lenye paa la bati. Langoni alikaa mlinzi mmoja wa bara anayeitwa Samuel, ana orodha juu ya ubao.

"Jina la mwanafunzi?"

"Mishi Swabir," alisema Mishi mwenyewe.

Samuel akalitafuta, akatia alama. "Uko na watu wawili. Naona mmoja."

"Wa pili anakuja," alisema Matano.

"Sawa, mzee. Nafasi yake iko. Lakini ni moja tu, eh? Mimi hapa niko na orodha, sina maneno mengi."

Walikaa saa mbili. Mishi aliona maabara, akatia jicho kwenye hadubini, akamwuliza mwalimu maswali mpaka mwalimu akavuta kiti akaketi. Matano alitembea nyuma yake akisoma kila kibao ukutani kuanzia herufi ya kwanza, na kila alipomeza mate alilikumbuka shingo.

Saa nne kasoro wakasikia vigelegele.

Kamati ilikuwa imefika. Wote walikuwa langoni: Mejumaa na sinia kichwani, wazee wanne na bakora zao, binamu wameinua simu wanapiga picha mlingoti wa bendera. Bibi wa Ukunda hakushuka kule Ukunda. Alisema naye anataka kuona. Mbele yao Suleiman, kanzu nyeupe, kilemba, na jasho linalomchuruzika nyuma ya masikio.

"Hodi hodi, wenye mji!" alinguruma. "Tumetembea, tumechoka, tumesikia humu ndani mna kitu chema. Nasi tunaye kijana wetu..."

"Mko wangapi?" aliuliza Samuel.

"Mgeni hahesabiwi, mwanangu."

"Hapa anahesabiwa. Mwanafunzi wenu ni nani?"

"Sisi ni wazee wake."

"Nimewaona wazee. Mwanafunzi?"

"Yuko nyumbani, anangoja jibu."

Samuel aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama ile sinia, akaona haelewi. "Anaitwa nani huyo anayengoja?"

"Mishi Swabir."

"Huyo aliingia zamani. Yeye na mjomba wake. Imebaki nafasi ya mtu mmoja, wengine mtasubiri hapo nje. Kivuli kiko kwa ukuta."

Ndipo walipowaona Mishi na Matano wamesimama upande wa ndani wa waya. Kelele zilizotoka hapo! Mejumaa aliita jina la Mungu mara nne. Mzee mmoja akasema haya ndiyo matunda ya kumpa mzururaji shingo.

"Mishi!" Suleiman alifoka. "Nani alikupa ruhusa?"

"Mimi," alisema Matano. "Mjomba. Au nilikuwa mjomba wa kiti cha mbele peke yake?"

Suleiman akamfyonya, akamgeukia Samuel na uso mwingine kabisa, uso wa ofisini. "Haidhuru. Mimi ndiye msemaji wa familia. Nafasi ni yangu." Akashika komeo la lango. Lilipoachiwa lilikuwa limebaki na mafuta. Alikuwa ameshaanza kuionja halua njiani.

"Anayechagua ni mwanafunzi," alisema Samuel.

Mishi alikuwa na miaka kumi na saba, na hajawahi kumjibu baba mkubwa mbele za watu. Matano alitaka kumsemea, akajizuia.

"Baba," alisema Mishi. "Namtaka Baba."

Swabir alikuwa nyuma kabisa, karibu na gurudumu la gari. Ilibidi watu wapishe. Alipita katikati ya ndugu zake bila kumtazama yeyote, akaingia, na lango likafungwa.

Zizini kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi amefungwa kwenye mbao, na wanafunzi kama ishirini wa shule mbalimbali wamesimama mbali wameziba pua. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kinango, Rispah, amevaa buti za mpira, sauti kavu kama ya watu wa kule.

"Kupima mimba," alisema. "Kule kwetu mtu huuza ng'ombe mnadani kwa bei ya nyama, kumbe ana ndama tumboni. Nani anajaribu?"

Wavulana wakasukumana, hakuna aliyetoka. Mishi akavua saa, akampa Matano.

Swabir akamshika shemeji yake mkono. "Asifanye hivyo. Mwambie."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye babake."

Hakumwambia. Mishi alivaa glavu ndefu inayofika begani, akapakwa mafuta, na mwalimu akaanza kumwelekeza polepole. Kwanza ng'ombe alikunya. Kilitoka kinyesi cha kijani, cha moto, kikamtiririka mtoto kifuani na kwenye sketi ya shule, na mvuke wake ukapanda. Wavulana wakapiga kelele za kichefuchefu. Mishi akageuza uso pembeni, akafumba macho, akaendelea. Mkono ulizama mpaka kwenye kwapa.

"Unashika nini?" aliuliza Rispah.

"Bado... kuna ukuta. Laini." Akasogeza vidole. "Vifungo. Nahisi vifungo vifungo, Mwalimu, kama vya koti."

"Vingapi?"

"Vingi. Na kuna kitu kimenigonga kikarudi."

Rispah akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyo ndiye mwenyewe. Miezi minne na zaidi kidogo. Nilichukua mwaka mzima kuvijua hivyo vifungo vya kondo la nyuma."

Swabir hakusikia. Alikuwa ameshatoka nje, ameinamia bomba la maji, anatapika.

Matano alimfuata, akamfungulia maji. Kinywa chake mwenyewe kilikuwa bado kinanuka mbuzi.

"Kinyaa, shemeji," alisema Swabir, anafuta ndevu. "Wallahi, kinyaa. Mwanangu!"

"Kinyaa unakijua? Yule mbuzi wa jana alikuwa na jipu shingoni. Nusu kikombe cha usaha. Mishi alilipasua, akamdunga dawa, akawaambia nyama hailiwi. Wakamchinja."

Swabir akainua kichwa. "Nani aliwaambia?"

"Mishi. Alimwambia kaka yako, kamshika mkono."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ulipotoka kazini ulikaa pale kwenye sinia. Ulikuwa unatazama mikono yako."

Swabir akaitazama tena, ile mikono myeupe iliyobanduka. Akakaa kwenye ukingo wa saruji.

"Unajua ninafanya kazi gani hotelini, Matano?"

"Wanasema ofisini."

"Nafua. Mashuka. Miaka kumi na tisa. Nafungua mashuka ya watu nisiowajua, na vilivyomo mle ndani, wewe usiniulize. Nafua kwa dawa mpaka ngozi inatoka. Ndiyo maana nilitaka yeye akae mbele, kwenye meza, ambako hakunuki." Akatema mate. "Na hao wa mbele ndio wanaotuletea yale mashuka wameshika kwa vidole viwili, hawatusalimu."

Matano akakaa kando yake. Maji yaliendelea kumwagika. Mishi akatoka zizini na sketi yake iliyogeuka kijani, amenawa mpaka mabegani, na fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakumpa babake. Alisimama tu, akaishika.

Wakaenda langoni, watatu.

Kamati ilikuwa imekaa kivulini, migongo ukutani. Sinia ilikuwa katikati, kawa limetupwa kando. Halua ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni alama za vidole juu ya bati, na nzi. Bibi wa Ukunda alikuwa anaramba ukingo. Tambuu ilikuwa imetafunwa na ukuta mpya mweupe wa chuo ulikuwa umeshatemewa mate mekundu mahali pawili. Samuel alikuwa anayatazama kama mtu anayetazama jeraha.

"Tumekata shauri," Suleiman alitangaza kabla hawajafika. "Hapa si mahali pa kuleta mtoto. Watu hawana adabu. Wageni wazima wanaachwa juani! Tumekubaliana wote, aende hotelini."

Huku anasema alikuwa akijifuta halua vidoleni, kimoja kimoja, akianzia kidole gumba. Swabir alikuwa anakitazama kile alichojifutia. Kilikuwa na mhuri wa chuo.

"Kaka," alisema. "Hiyo ni barua ya mtoto."

"Si tumeshafika? Ina kazi gani tena?" Suleiman akaifinyanga, akaitupa kwenye sinia, nzi wakaruka.

Mishi alikuwa amemkaribia shangazi yake amsaidie kuinua birika. Mejumaa akajivuta nyuma kwa makalio. "Usinisogelee! Unanuka mavi, mtoto wewe! Nenda kanawe!"

"Nimenawa mara tatu, shangazi."

"Nenda kanawe tena!"

"Kanaweni nyinyi," alisema Swabir.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini watu waliomjua hawakuwahi kumsikia akimwambia mtu chochote, na midomo yote ikaacha kutafuna. Akanyoosha mkono kwa binti yake. Mishi akamtolea fomu. Samuel akatoa kalamu ya orodha kupitia kwenye waya bila kuombwa, na Swabir akailaza fomu kwenye kiti cha pikipiki ya Ngala, aliyekuwa bado anangoja, akaandika majina yake yote matatu, polepole, akikandamiza.

Suleiman alisema kamati haijapitisha. Alisema mara mbili.

Wakati wa kurudi, gari lilikuwa na viti vile vile, na Mishi hakuwa ameandikwa. Matano akaufungua mlango wa mbele, akamwonyesha kiti cha mjomba. Mishi akapanda, na sketi yake mbichi, na harufu ikajaa gari zima kabla dereva hajawasha moto. Madirisha yote yakafunguliwa. Mejumaa akaziba pua kwa vidole vyake viwili, ambavyo vilikuwa bado vina halua, na akaondoka hivyo hivyo, ameziba, anaguna.

Matano hakurudi nao. Alisimama langoni mpaka vumbi likatua, akamwomba Samuel maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Ladha ilikuwa bado ipo. Akaivua kanzu yenye doa, akaikunja, akaitia kwapani, akashika njia ya Lunga Lunga kwa miguu.